Neno nililofundishwa kukatalia

Mama yangu alinifundisha kwamba mwanamke hamwambii mtu "hapana" usoni. Anasema "bado". Mgeni akiuliza kama chakula kipo na sufuria ni tupu, bado. Mwanaume akikuposa na humtaki, bado. Mwenye akili anaelewa, anaaga, na hakuna aliyeaibishwa.

Ndivyo nilivyomjibu fundi wa simu wa huku kwetu Dilala, na mpaka leo sijui alisikia nini.

Nilimpelekea simu ya marehemu mume wangu. Ilikuwa haiwaki tena, na ndani yake mlikuwa na sauti alizokuwa ananitumia kutoka kazini kwake, mgodini Tenke. Fundi aliifungua, akaipuliza, akagusagusa, na sauti ya mume wangu ikatoka pale mbele ya wateja, ikiuliza kama watoto wamekula. Nililia. Fundi alinisogezea kiti.

Baadaye akawa ananisalimia kwenye WhatsApp, kisha akaniomba twende kunywa sukre, ndivyo tunavyoita soda. Nilikwenda na nguo zangu nyeusi za ujane. Alinisimulia juu ya wateja wanaozika simu zilizolowa ndani ya mchele, halafu wanaupika ule mchele. Nilicheka. Tangu mazishi sikuwa nimecheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Aliponiambia ananitaka, nilimtumia sauti, nikimwita papa, yaani baba, kwa heshima: "Bado, papa. Bado kwanza." Akajibu vizuri. Akangoja. Akauliza mpaka lini, nikasema tena bado. Nilipoona haelewi, nikaacha kujibu.

Hapo ndipo matusi yalianza. Nikifunga namba yake, anakuja na nyingine. Asubuhi anaandika, "Umeamuka muzuri, mama?" Saa sita, namba nyingine: "Malaya wa nguo nyeusi." Jioni anaomba msamaha, na ni mtu yuleyule. Sikujua ni yupi kati yao niliyepaswa kumwogopa.

Kisha akaweka picha aliyonipiga siku ile ya sukre kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa wetu. Niko na chupa mkononi, nguo nyeusi, meno yote nje. Chini yake, sauti yangu: "Bado kwanza." Akaandika: "Mujane wa bado." Watu waliniita hivyo hata sokoni.

Nilitafuta uongo ndani ya vile vitu ili niukanushe. Picha ilikuwa yangu, na sauti pia.

Kilichonitia hofu ni matanga. Siku ya kutoa matanga ilikuwa inakaribia, siku ambapo familia ya mume inamvua mjane nguo nyeusi na kumwachia huru. Kwetu sisi wa asili ya Kasai, mjane akigusana na mwanaume kabla ya siku hiyo, inasemwa mabaya yatawarudia watoto. Familia ikiwa na shaka inaweza kukataa kumvua. Na mwenye kunivua alikuwa mama mkwe wangu.

Alikuja kwa pikipiki, simu ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Hasomi, lakini kuna mtu aliyemsikilizisha. Alikaa, akaniwekea ile sauti mbele yangu.

"Hii sauti ni yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na ulienda kunywa naye?"

"Ndiyo."

"Ulilala naye?"

"Hapana, mama."

"Sasa bado ni ya nini?"

Nilimwambia ndilo neno nililofundishwa kukatalia. Akasonya.

"Hata mi nilimwambiaka baba ya bwana yako bado. Njo vile bwana yako alizaliwa."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka. Neno ambalo kwangu lilikuwa ukuta, kwake lilikuwa mlango, na miaka yote tulikuwa tunalitumia ndani ya jiko moja. Nikaanza kujiuliza kama mimi mwenyewe, nilipokuwa nacheka na ile chupa, nilijua nasema lipi.

Akanipa simu yangu, akaniambia niseme sitaki, kikundi kizima kisikie. Nikasema, "Samahani, papa, sitaki kwanza." Akaniamuru nifute. "Toa ile 'kwanza'. Na 'samahani', toa." Nikasema tu, "Sitaki." Ilisikika kama sauti ya mtu mwingine, mwenye adabu mbaya. Tukaituma.

Kisha ujumbe ukaja kwa namba nisiyoijua, kwangu peke yangu: "Si ungesema vile tangu mwanzo." Nilimhurumia. Asubuhi iliyofuata tusi likaja tena, kwa namba nyingine, kwa hiyo sijui kama alikuwa anangoja jibu au alikuwa ananingoja mimi.

Mama mkwe aliondoka bila kusema kama atakuja kunivua.

Siku ya matanga alikuja. Mjomba wa marehemu aliniuliza mbele ya wote kama kuna mwanaume aliyenigusa. Nikasema hapana, kwa neno lenyewe. Wote wakamgeukia mama mkwe. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anajifuta jasho la shingo. Aliinuka polepole, akaja nyuma yangu, akakifungua kitambaa changu cheusi cha kichwa. Alikivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, au ndivyo nilivyohisi. Nikageuka ili nimuulize kama ananiamini.

Akanisukumia beseni la maji.

"Nawa uso," akasema, akiwaonyesha watu waliokuwa wakingoja chakula. "Batu beko na njala."

Nikanawa.