Siku Niliyoomba Mavi ya Ng'ombe

Mke wangu alikohoa miaka mingi na mimi nikasema ni baridi ya Kitengela. Mwanamke anapika, moshi unapanda, anakohoa, maisha yanaendelea. Mama yangu aliishi hivyo. Siku daktari aliposema kifua chake hakitaki moshi tena, hata kidogo, ndiyo nilishtuka.

Niliuza fahali wawili nikajenga mtambo wa gesi nyuma ya zizi. Unakoroga mavi na maji, unamwaga shimoni, yanachacha huko chini, gesi inafuata bomba la mpira hadi jikoni. Fundi alikuwa msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Alitufundisha siku mbili, mimi nikasikiliza moja. Mmaasai wa kufundishwa mavi ya ng'ombe ni nani?

Moto ulipowaka, wa buluu, mke wangu alikaa akiutazama mpaka chai ikafurika. Wiki hiyo alianza kuimba akipika. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu watoto wakiwa wadogo.

Halafu nikaharibu. Watu wa kanisa walikuwa wanakuja kuona mtambo, na mimi nikataka zizi ling'ae. Nilinunua dawa ya kuua viini pale sokoni Noonkopir, nikasugua sakafu yote, na maji yake nikayafagilia shimoni pamoja na mavi. Wageni wakanisifu sana. Baada ya siku nne moto ulikuwa kama wa kibiriti. Siku ya sita, hakuna.

Nilimpigia fundi simu nikamfokea.

"Mzee wangu, kuna kitu kimeingia huko ndani? Sabuni? Dawa?"

"Mimi ni mtoto? Mtambo wako ndio mbaya!"

Aliposema dawa, nilijua. Lakini mke wangu alikuwa amesimama hapo, na ulimi wangu ukakataa.

Mke wangu akarudi kwa kuni. Siku ya tatu ya moshi nilimkuta ameshika ukuta, hewa haiingii. Nilimtoa nje, nikamketisha kwa kivuli, nikamwambia, "Ni mimi nimeua gesi. Ni ile dawa."

Alitafuta pumzi kwanza. "Najua. Zizi lilinuka kama hospitali."

"Na mbona hukusema?"

"Ungesikia?"

Nilimpigia tena fundi, safari hii kwa sauti ya chini. Hakunicheka. Alisema dawa imeua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Nitoe uji wote wa samadi kwa ndoo, nisiingie shimoni, nisuuze kwa maji matupu, halafu nitafute uji wa mtambo mwingine ulio hai, nianzishe wangu nao. "Ni kama maziwa ya jana kwa kibuyu, mzee. Hayo ndiyo huchachua ya leo."

Mtambo ulio hai karibu nasi ulikuwa mmoja tu, kwa mwalimu aliyetoka magharibi mwa nchi. Yeye ako na ng'ombe wawili. Nilikuwa nimezoea kumwuliza kupitia ua kama hao ni ng'ombe ama ni mbuzi. Nikabeba mitungi, nikaenda, nikamwambia shida yangu.

"Mama watoto!" akaita. "Njoo usikie maajabu! Mmaasai amekuja kuomba mavi!"

Mke wake akatoka na unga mikononi. Walicheka mpaka wakashikana.

"Na hao wako wote wameacha kunya?" mwalimu akauliza.

"Chekeni mmalize," nikasema. "Mke wangu hapumui vizuri."

Hapo mwalimu alivua viatu, akakunja suruali, tukachota pamoja mpaka mitungi kumi na miwili ikajaa. Mke wake akasema, "Kuni asiguse tena. Mpaka gesi yenu irudi, mtakula kwangu."

Basi kila siku mimi, mzee wa rika langu, nilipita kwa ua na sufuria kwenda kuchukua chakula. Wapita njia waliniona. Waone. Na ukijenga mtambo wako, nisikie mimi kabla hujaharibu: zizi ni maji tu na ufagio, dawa ikae mbali na shimo.

Moto ulirudi siku ya kumi na saba baada ya kumwaga ule uji wa mwalimu shimoni. Nilimwita mke wangu jikoni, akainama, akautazama, akapumua bila kukwama. Nikamwambia apike sasa.

"Nitapika kesho," akasema, akanipa sufuria. "Leo nenda kwa mwalimu. Ile mboga yao ya majani machungu nimeizoea."