Kamba ya Chusa

Mwalimu Johnson, Mgiriama aliyetufundisha ngumbaru hapa Garsen mwaka wa hamsini na saba, alituandikia ubaoni neno la Kiingereza, stick. Akasema maana yake ni kunata, ila zamani sana lilikuwa na maana ya kuchoma kwa kitu chenye ncha. Kilichochomwa mpaka ndani hakitoki, basi ndipo kunata kulipotokea. Darasa zima likageuka kumtazama Kalla. Kalla akaficha kigutu chake chini ya shuka, na mkewe Sadia akainuka akatoka nje.

Huyo Kalla alikuwa mwindaji wa mamba, Mpokomo mwenye kichwa kigumu. Chusa, yaani mkuki wenye kamba, ukikirusha, chuma huzama kwenye nyama, mpini ukachomoka, na kamba ndiyo inayokushikia mnyama. Kamba hiyo hufungwa kwenye boya la mti mwepesi. Mpokomo yeyote anajua hilo, hata aliyelewa. Huifungi mwilini mwako.

Mwaka uliotangulia, mto umejaa, Sadia alishuka kukata matete kwa panga. Mamba akamdaka paja. Kilio kile, jamani, sitaki kukisikia tena. Kalla alikuwa hapo ukingoni akitengeneza chusa, boya liko chini, halijafungwa. Angengoja nini? Akazungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, akarusha. Chuma kikamwingia mamba shingoni chote. Mamba akamwachia Sadia, akapiga mbizi, na Kalla akavutwa majini puu kama gunia.

Sadia angeweza kutambaa akapanda. Mimi mwenyewe, nikija mbio kutoka shambani, nilimpigia kelele apande, paja limechanika mpaka mfupa unaonekana. Hakunisikiliza. Kalla alikuwa amekumbatia mzizi wa mkuyu kwa mkono wa kushoto, na wa kulia unavutwa chini. Kamba ilikuwa imezama ndani ya ngozi ya kifundo, haishikiki. Sadia akapiga panga majini akiitafuta, akaikosa. Mzizi ukaanza kung'oka.

“Kata mkono,” Kalla akamwambia.

Alikata. Haukukatika kwa pigo moja, na katikati alikuwa akimwomba radhi, na Kalla anamwambia aendelee.

Baada ya siku kadhaa mamba akaelea karibu na Kau, amekufa. Wavuvi wakaturudishia kamba pamoja na kiganja kilichobaki kimezungushiwa. Sadia alikizika mwenyewe, akichechemea, akakataa kusaidiwa. Watu walimsifu Kalla kwa kumwokoa mkewe. Sadia hakuna aliyemsifu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Basi siku ile ya somo nilimfuata Sadia nje. Kalla alikuwa amenitangulia. Sadia analia, uso ukutani.

“Ulikata vizuri,” Kalla akamwambia.

Tangu siku ile ya mkuyu Sadia hajashika panga tena. Matete ya nyumba yao anakata Kalla, kwa mkono wa kushoto.