Kibodi ya Mama Rombe

Zilikuwa zimebaki siku tisa karamu ya Mama Rombe ianze, ndipo kompyuta yake ilipoanza kuandika yenyewe.

Damaris, binti yake, ndiye aliyeiwasha jioni ile. Kioo kikang'aa, kikadai namba ya siri. Kabla hajagusa kitufe, nukta zikaanza kutiririka ndani ya kile kisanduku kidogo, moja nyuma ya nyingine, kama sisimizi waliopata njia. Akazifuta. Zikarudi. Akazima, akawasha tena. Zikarudi.

"Baba, njoo uone. Mama anaandika."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka. Mama yake alikuwa palepale, chumba cha kusini, amefunikwa blanketi jekundu, miwani yake kando ya mto. Huo ulikuwa mwezi wa tano tangu pumzi imkatike. Lakini kwao mtu haitwi marehemu mpaka karamu yake ianze. Ni mgonjwa. Husalimiwa, huletewa chakula, huambiwa nani kapita barabarani, na mwenzake wa ndoa hatakiwi kulala mbali naye hata usiku mmoja.

Baba Rombe akaja, akachungulia. Kusoma hakujua, lakini kuona aliona.

"Itakuwa unyevunyevu," alisema. Kisha akatoka kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Haikuwa unyevunyevu, na yeye alijua. Asubuhi ya siku hiyo Damaris alikuwa ameiacha kompyuta wazi mkekani, kando ya mama yake, akatoka kupokea mianzi iliyoletwa kwa ajili ya vibanda vya wageni. Baba Rombe aliingia na glasi ya kahawa ya mgonjwa, kama kila siku. Akaiweka chini. Akainama kumvuta blanketi begani. Kiwiko kikagonga glasi, na kahawa yote ikaenda kwenye vitufe. Alipangusa kwa shuka aliyojifunga, akageuza kompyuta kifudifudi, akaitikisa kama mtu anayekung'uta kiatu, akairudisha ilivyokuwa. Hakumwambia mtu.

Kusingekuwa na kitu ndani ya kompyuta ile, angejicheka. Lakini orodha ilikuwa humo.

Siku ya nyama, nyati wa karamu wakishachinjwa, mwitaji hupanda jukwaa la miti, akaita nyumba za ukoo moja moja na kuirushia kila nyumba fungu lake: hii kichwa, hii paja, hii mbavu, kulingana na walivyozaliana mababu. Nyumba isiyoitwa imeaibishwa. Kwenye karamu ya mama mzazi wa Mama Rombe, nyumba ya Pangrante haikuitwa. Ilisahaulika tu. Mzee wa Pangrante alisimama mpaka jua likazama, akaondoka mikono mitupu mbele ya watu mia saba. Miaka kumi na moja Pangrante hawakukanyaga ua huu, na uchumba mmoja ulivunjika kwa ajili hiyo.

"Kwangu mimi hatasahaulika mtu," Mama Rombe alisema siku alipostaafu ualimu. Akazunguka milima na kalamu yake, akikaa na vikongwe, akiuliza nani alizaa nani. Usiku akaandika. Nyumba sitini na nne, kila moja na fungu lake. Nusu ya vikongwe wale walikwisha kufa. Mwitaji wa zamani, aliyekuwa na majina yote kichwani, aliondoka nayo mwaka juzi. Kila mara Damaris aliposema, "Mama, toa hata nakala moja ya karatasi," alijibiwa, "Bado sijamaliza."

Kesho yake Baba Rombe alipanda pikipiki nyuma ya shemeji yake Batara, ndugu mdogo wa mgonjwa, ambaye ndiye aliyerithi kazi ya kuita. Kompyuta aliifunga kwenye shuka, akaipakata njia nzima.

"Ishike vizuri, shemeji," Batara alisema. "Ukiidondosha, siku hiyo nitapanda jukwaani nikaite majina ya nyati. Hayo nayajua."

Kwenye kila kona Baba Rombe aliihamishia kompyuta upande wa mlima.

Mjini palikuwa na fundi mmoja tu anayethubutu kufungua kompyuta, Tajuddin, Mbugis kutoka pwani, mwenye kibanda cha simu karibu na soko la nyati. Alikuwa kijana mnene, mpole, kucha zake safi kuliko za mkunga. Aliwasha, akatazama nukta zikikimbia. Akachomeka kibodi nyingine ya nje. Nukta zikaendelea.

"Kuna kitufe ndani kinajibonyeza. Ilimwagikiwa na nini, Mzee?"

Batara alikuwa amesimama hapo, sigara sikioni.

"Unyevunyevu," Baba Rombe alisema.

"Hakikumwagika kitu kabisa? Maji, chai?"

"Sisi tuko mlimani. Ukungu unaingia mpaka kitandani."

Tajuddin akaigeuza, akaivuta karibu na taa, akazihesabu skrubu zake bila kuzigusa. "Hizi nyembamba mimi sijawahi kuzifungua. Humo ndani kibodi imeshikwa na utepe, na utepe una kibanio chembamba kama ukucha wa mtoto. Kikivunjika, hapa hakuna wa kukirudisha. Kibodi mpya ni ya kuagiza mji wa Makassar, siku kumi na nne."

"Zimebaki nane."

"Basi kama ni unyevu, tusikimbilie bisibisi. Niachie, niizike kwenye mchele siku tatu."

"Haiachwi."

"Mzee, haitaibiwa."

"Ni mali ya mgonjwa," Baba Rombe alisema. "Mchele hata nyumbani upo."

Ikazikwa kwenye beseni la mchele, chumba cha kusini, miguuni pa mwenyewe. Baba Rombe hakuwa ametia wali kinywani tangu mkewe augue. Ndivyo desturi inavyomtaka mfiwa, na yeye hakuona taabu, viazi na muhogo vilimtosha. Lakini siku tatu zile alikaa akilitazama beseni kama mtu aliyenyimwa.

"Ajabu ya nyumba hii," Batara alisema kila alipopita. "Kompyuta inalala na wali, mwenye nyumba anakula kiazi."

Nje nyundo hazikunyamaza. Vibanda vilipanda. Rombe, mtoto wa kwanza, alipiga simu kutoka melini, anakuja na watoto wanne. Watu wa Pangrante walileta salamu kwamba safari hii watakuja, wote, mpaka wazee wao wawili wasioweza kutembea. Damaris aliwashukuru. Baba Rombe aliposikia, alikiweka kiazi chini.

Usiku alimwambia mkewe habari zote kama kawaida, mianzi, meli, Pangrante. Habari ya glasi aliiruka.

Siku ya tatu Damaris aliingiza mkono kwenye beseni, akautoa haraka.

"Sisimizi."

Walikuwa mamia, wamejipanga kutoka dirishani, wamepita juu ya mchele bila kuugusa, wakiingia katikati ya vitufe.

"Mchele upo hapa, wao wanautemea mate," Damaris alisema. "Wanafuata nini humo, Baba?"

"Sisimizi nao wana akili gani," alijibu.

Damaris akaipangusa kompyuta, akaiwasha. Nukta zikakimbia. Zilikuwa zimebaki siku tano.

Hapo Baba Rombe alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe augue. Alimshika mtu mkono akamwomba. "Shemeji, nenda kamlete yule Mbugis. Aje afungue hapahapa. Mwambie namwomba."

Tajuddin alifika saa nane mchana, mkoba wa vifaa kifuani. Akapanda ngazi, akainama kuingia chumba cha kusini, akaona kuna mtu amelala. Akasita.

"Mama anaumwa?" aliuliza taratibu.

"Mwezi wa tano," Batara alisema.

Fundi akaelewa. Akarudi hatua moja, akamkanyaga Batara.

"Hang'ati," Batara alisema. "Alikuwa mwalimu, lakini hang'ati."

Baba Rombe akapiga magoti kando ya mkeka. "Mama Rombe, huyu ni fundi. Amekuja kwa ajili ya kompyuta yako." Akamgeukia Tajuddin. "Mwombe mwenyewe. Ni yake."

Tajuddin akavua kofia. "Samahani, Mama. Naomba kuifungua."

Nje nyundo ikapiga mara mbili.

"Amekubali?" fundi alinong'ona.

"Hajakataa," Damaris alisema.

Akakaa. Akatandika kitambaa cheupe, akatoa skrubu kumi, akazipanga kama zilivyokaa. Akapitisha kadi ya plastiki ukingoni, taratibu, nayo ikatoa mlio wa ganda kupasuka. Baba Rombe alifumba macho kwa kila mlio. Mfuniko wa chini ukaachia. Tajuddin akaondoa betri, akawasha tochi ya simu, akainama. Akakaa hivyo muda mrefu mno.

"Sema basi," Batara alisema, na safari hii hapakuwa na utani.

Fundi akachovya brashi kwenye spiriti, akasugua pembeni pa utepe. Brashi ikatoka na rangi ya udongo, inanata. Akainusa.

"Mzee, huu si unyevu. Hii ni kahawa."

Damaris aliinama, naye akainusa.

"Na sukari," Tajuddin aliendelea, macho yake kwenye brashi. "Nyingi. Kahawa tupu ingekauka ikaisha. Sukari ndiyo inayonata na kula. Ningejua siku ile ningeiosha palepale, ingepona. Sasa kibodi hii imekufa."

"Haiwezi kuwa ya Mama," Damaris alisema. "Mama hanywi sukari. Miaka kumi na tisa hanywi sukari. Mimi mwenyewe nilikuwa namchoma sindano."

Baba Rombe alitazama mikono yake.

"Vijiko vitatu," alisema.

"Nini?"

"Namtilia vijiko vitatu. Kiwiko changu kiliigonga glasi. Ni mimi."

"Tangu lini, Baba?"

"Tangu alipolala hapa."

"Kila siku?"

"Alikuwa anaipenda. Unakumbuka alivyokuwa akilamba kijiko cha wageni."

"Baba." Sauti ya Damaris ilishuka. "Mama ni mgonjwa."

"Najua."

"Mgonjwa wa sukari hapewi sukari."

Batara, ambaye hakukosa neno hata makaburini, aliinamisha kichwa akaanza kuchokoa mkeka. Nyumba nzima ilikuwa imekaa miezi mitano ikisema Mama ni mgonjwa, na aliyelala ubavuni pake alikuwa wa kwanza kuacha kuamini. Hakumwambia mtu. Alikuwa akikoroga tu kila alfajiri, vijiko vitatu, kwa sababu sasa sukari isingemdhuru tena.

Tajuddin alikuwa mgeni, lakini naye aliona hapo si mahali pa kutia neno. Akakohoa.

"Kibodi imekufa," alisema, "lakini ndani ya mashine sukari haikufika. Nikiutoa utepe huu, kile kitufe kitaacha kujibonyeza. Halafu mkipata kibodi ya nje, mtaingia. Ila kibanio ndicho hiki hapa, mnakiona? Kimeshikana na sukari. Nikikivunja vibaya, nitaumiza na ubao wenyewe."

"Ya nje ipo ofisi ya kanisa," Damaris alisema. Alikwisha kusimama, na pengine alifurahi kupata sababu ya kutoka.

Fundi akadondosha spiriti. Akangoja. Akadondosha tena. Akachukua kibano, akapumua nje, akainua kibanio upande wa kushoto, kikagoma. Baba Rombe alijikuta ameshika ukingo wa blanketi jekundu. Upande wa kulia, kikagoma. Tone la jasho likaanguka kutoka puani pa fundi, akalidaka kwa mkono mwingine. Spiriti tena. Kushoto tena. Ukasikika mlio mdogo, mkavu.

"Kimevunjika," Batara alisema.

"Kimefunguka," alisema Tajuddin, na utepe ulikuwa katikati ya vidole vyake.

Damaris alirudi anahema na kibodi ya kanisa, kuukuu, herufi zimefutika. Ikachomekwa. Kioo kikang'aa, kikadai namba. Watu wanne wakakitazama kisanduku. Kilikuwa tupu. Kikabaki tupu. Damaris akabonyeza tarakimu nne, na mashine ikafunguka.

Orodha ilikuwapo. Damaris aliisoma kwa sauti ya polepole, Batara akinakili kwenye daftari kubwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kuiamini kompyuta ile hata dakika moja zaidi. Jina la kwanza kabisa, juu ya nyumba kubwa zote, lilikuwa Pangrante, na fungu lake ni kichwa.

"Kichwa?" Batara alinyanyua kalamu. "Pangrante hawastahili kichwa."

"Dada yako ndivyo alivyoandika," Baba Rombe alisema. "Andika."

Tajuddin hakutaka malipo ya safari, akalazimishwa kuchukua kuku. Akiwa mlangoni aligeuka. "Nikuagizie ile kibodi ya Makassar, Mzee?"

Baba Rombe alifikiri. "Agiza. Kitu chake kisikae kibovu."

Fundi akavaa kofia, kisha akaivua tena. "Kwaheri, Mama," alisema kuelekea kwenye blanketi, akateremka ngazi.

Jioni Damaris hakuzungumza na baba yake, wala hakumnunia. Alimchemshia muhogo. Alipoweka sahani, alisema bila kumtazama, "Siku tano tu zimebaki, Baba. Tumuuguze vizuri."

"Sawa, mama," alijibu.

Alfajiri akakoka moto. Akachemsha kahawa, akaimimina glasini. Kopo la sukari lilikuwa mahali pake, mkono ukalifuata kwa mazoea, ukaishia njiani. Akaingia chumba cha kusini, akaihamisha kompyuta mpaka juu ya kabati, ndipo akaiweka glasi mkekani, mbali na kiwiko.

"Leo ni tupu," alimwambia. "Binti yako amekataa."

Akakaa kando yake kuingojea ipoe.