Nilivyompigia Mholanzi Wimbo Kombo

Mara ya kwanza nilipomwona yule Mholanzi nilidhani ni mtu wa mradi. Morogoro hatukosi Wazungu wa miradi: wa maji, wa misitu, wa vyura wa milimani. Lakini huyu alikuja Jumapili alasiri kwenye bonanza letu, kwenye ukumbi wa wazi upande wa Bigwa, akakaa meza ya mbele kabisa karibu na spika, mahali ambapo hata wapenzi wa bendi hawakai. Aliagiza soda ya tangawizi. Kisha akatoa mfukoni kitu cheusi, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, akakisimamisha mezani kikinielekea mimi. Kilikuwa kinasa sauti, na kilikuwa na taa nyekundu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Siku za wiki nafundisha sekondari, Jumapili napiga gitaa la solo, na kazi zote mbili zimenizoesha kuangalia mikono ya watu. Niliiona ile taa ikiwaka kila tulipoanza wimbo na kuzimika kila tulipomaliza.

Jumapili iliyofuata akaja tena. Na iliyofuata.

Kiongozi wetu, mpiga saksafoni, ni mzee wa Kiluguru kutoka Matombo, ndiye pekee aliyebaki kati ya walioianzisha bendi. Nilipojiunga tulikuwa kumi na wawili na tulikuwa na sare mbili. Siku hizo za Mholanzi tulikuwa tumebaki sita, na sare yetu ilikuwa shati jeupe lolote ambalo mtu alikuwa nalo nyumbani. Kwa hiyo Mzee alifurahi mno kupata msikilizaji wa kudumu. Wakati wa mapumziko alimwendea, wakacheka, wakapigana mabega kama watu waliosoma pamoja.

"Mwalimu, yule bwana ni mwenzetu," aliniambia aliporudi. "Anapiga gitaa. Ana bendi kwao Uholanzi, ya bluzi, umri wake kama wa bendi yetu."

"Sasa huku anatafuta nini?"

"Mkewe ni mtaalamu wa udongo, yuko pale chuo kikuu kwa miaka miwili. Yeye amemfuata tu. Hana kazi."

"Mtu asiye na kazi anarekodi ya nini?"

Mzee akafuta mdomo wa saksafoni kwa leso yake. "We nawe! Unadhani kila mtu ni mwanafunzi wako anayeibia mtihani."

Mholanzi alikuwa karibu na miaka sabini, mrefu, amekondeana, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimenyooka kama rula. Umri wake ulinidai shikamoo. Sikumpa. Nilimwambia tu, "Habari za leo," naye akajibu, "Nzuri, Mwalimu," bila kuonyesha kama ameliona hilo.

Wiki baada ya wiki, wakati wa mapumziko, alitusimulia habari za bendi yake. Waliianzisha wakiwa wanafunzi watano, katika banda la kuwekea baiskeli, wakiiga bluzi za Wamarekani weusi walizozisikia redioni. Ikafika wakati wakajaza kumbi kubwa, wakawa wanalala garini njiani kati ya mji na mji. Kisha wimbo wao uliovuma kuliko zote ukawatia ugomvi: mwimbaji akasema ni wake peke yake, wengine wakasema ni wa bendi. Mwimbaji akaondoka. Miaka mingi wakapiga kwenye harusi na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mwimbaji alirudi kichwa kikiwa na upara, wakapatana, wakapata tena watu wa kuwasikiliza, na haukupita muda akafa. Mpiga besi naye akafuata. Sasa walikuwa wamebaki watatu.

"Na sasa," alisema, akizungusha chupa yake ya soda, "tumeishiwa nyimbo. Tunataka kufanya albamu moja ya mwisho, lakini vichwa ni vitupu."

Mzee alitikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilikiangalia kile kidude cheusi. Mtu aliyepigania wimbo nusu ya maisha yake anaujua uzito wa wimbo, na sasa ametuambia mwenyewe kwamba hana. Nilihitaji ushahidi gani tena?

Tuna wimbo mmoja ambao watu huuomba kila wiki. Mzee aliutoa kwa mama yake, aliyekuwa akiuimba akitwanga mpunga kule Matombo. Unaanza na gitaa langu peke yake, noti zinashuka taratibu kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani, halafu ngoma zinaingia. Mholanzi alikuwa akiusikiliza amefumba macho, na taa nyekundu inawaka.

Jumapili moja, vidole vikiwa tayari kwenye nyuzi, nikaamua. Nikaupiga kombo. Noti ya mwisho niliyopaswa kuishusha nikaipandisha, na katikati nikaruka pigo moja. Nilifanya hivyo Jumapili ile na zote zilizofuata. Nilijiambia kwamba akiuiba, ataiba takataka. Wenzangu hawakujali, maana wakati huo Mzee huwa kwenye maikrofoni akiwasalimia wenye sherehe za kuzaliwa, na ngoma zikishaingia nilikuwa narudi kwenye njia. Siku moja tu Mzee aliniuliza, "Leo vidole vizito?" Nikamjibu kwamba nyuzi ni mpya.

Nakiri kwamba nilifurahia. Nilikuwa nikirudi nyumbani Kihonda natabasamu peke yangu.

Likizo ya Juni ilipofika, Mholanzi akatutangazia kwamba wenzake wawili wanakuja, mpiga dramu na mpiga kinanda cha mdomo, na wanaomba tupige pamoja bonanza moja. Walipofika nilishtuka jinsi walivyozeeka. Mpiga dramu alikuwa na mikono inayotetemeka hadi aliposhika vijiti, hapo ikatulia. Yule wa kinanda cha mdomo alikuwa akikaa kila baada ya hatua chache kuvuta pumzi.

Jumamosi asubuhi tukakutana ukumbini kufanya mazoezi. Tukabadilishana nyimbo mbili tatu, mambo yakaenda vizuri. Kisha Mholanzi akasimama katikati, ameshika gitaa, uso mwekundu kwa furaha.

"Tuna zawadi," alisema. "Niliwatumia wenzangu sauti kwa simu. Wamefanya mazoezi miezi mitatu."

Wakaanza kuupiga wimbo wa mama yake Mzee.

Waliupiga kombo. Noti ya mwisho ikapanda, katikati pigo likarukwa, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, bila kukosea hata chembe. Yule wa kinanda cha mdomo alifumba macho kabisa. Wazee watatu walikuwa wameujifunza uongo wangu kwa moyo wao wote.

Mzee aliinua mkono kuwasimamisha. "Samahani, ndugu zangu. Kuupiga huku mmekutolea wapi?"

Mholanzi akashangaa. Akatoa kile kidude mfukoni, akakibonyeza, na ukumbi mzima ukasikia gitaa langu. Halikuwa na wasiwasi wowote, lilipandisha na kuruka kwa makusudi kabisa. Akabonyeza Jumapili nyingine. Vilevile. Na nyingine.

"Jumapili za mwanzo noti ilishuka, nikadhani umeuboresha. Hivi sivyo ulivyopiga, Mwalimu?" aliniuliza.

"Nilikosea," nikasema.

"Jumapili zote?" Mzee alisema kwa sauti ya chini. Mpiga besi wetu aligeuka akaanza kukunja nyaya ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

Nikasema ukweli, kwa sababu hapakuwa na kitu kingine cha kusema. Nilisema nilidhani anatuibia, nikaamua nimwibishe kitu kibovu. Mholanzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawatafsiria wenzake kwa lugha yao. Ilikuwa tafsiri fupi. Mpiga dramu aliweka vijiti chini, na mikono ikaanza kutetemeka upya.

"Kwa hiyo wewe unaniona mwizi," alisema Mholanzi.

"Wimbo huu ulikuwa unakwenda wapi?" nikamuuliza. Nilikuwa nimefedheheka, lakini mwalimu wa hesabu hubaki mwalimu wa hesabu. "Kwenye ile albamu?"

"Ndiyo. Kama mngekubali. Nilikuwa nitaomba."

"Lini?"

"Baada ya bonanza."

"Baada ya miezi mitatu ya mazoezi."

Mzee alituangalia sote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyekuta kuku wake amekufa na mbwa wawili wamekaa kando. "Kesho wimbo huu haupigwi," alisema. "Na wala si mimi wa kuombwa. Ni wa mama, na kwenye nyumba ya mama sasa anakaa dada yangu. Jumatatu tutapanda Matombo. Wote."

Bonanza lilifanyika, watu wakacheza bluzi kama wanavyocheza dansi, wakapiga makofi. Mimi na Mholanzi tulipiga tumepeana migongo.

Jumatatu tukapanda kwa gari la mke wa Mholanzi. Barabara ya Matombo ilikuwa ileile, mawe na makorongo, na yule wa kinanda cha mdomo alishikilia mlango njia nzima. Dada yake Mzee tulimkuta uani akianika pilipili manga kwenye mkeka. Nilimpa shikamoo. Mholanzi naye akampa, kwa heshima kubwa, ingawa sidhani walipishana hata mwaka mmoja. Mzee akaeleza shida yetu yote, na yale niliyoyafanya hakuyaacha.

Bibi yule hakunikemea. Alimtazama Mholanzi mfukoni.

"Hicho kidude unacho?"

"Ninacho, mama. Nimekizima."

"Nitajuaje kimezimwa? Kakiweke garini. Na simu zenu pia. Na wewe, mwalimu, usinitazame hivyo, na ya kwako."

Tukapeleka vyote. Aliporidhika, akaomba mchi na kinu, akatia mpunga kidogo, akaanza kutwanga, taratibu, na kuimba.

Haukuwa wimbo niliompigia Mholanzi. Wala haukuwa wimbo tuliokuwa tukiupiga miaka yote. Ulikuwa mfupi zaidi, mzito, noti hazikushuka bali zilikaa palepale zikisubiri mchi uanguke. Niliusikia kwa ngozi ya mikono. Alipomaliza, Mzee alikuwa ametoa leso.

"Mbona mimi sivyo nilivyousikia kwa mama?" aliuliza.

"Wewe ulikuwa mtoto wa kuzurura," dada yake alimjibu. "Aliyekuwa anatwanga na mama ni mimi." Kisha akamgeukia Mholanzi. "Huo mnaoupiga nyie mjini na huu alioupinda mwalimu, chukueni mnaotaka, pigeni mpaka mchoke. Lakini msiseme ni wa mama yangu. Wa mama yangu ni huu, na huu haujatoka hapa uani."

Mholanzi aliinamisha kichwa. "Asante, mama," alisema.

Tulipewa mikungu miwili ya ndizi na mdalasini uliofungwa kwenye gazeti. Njiani kurudi nilikaa nyuma ya Mholanzi. Kila gari lilipotulia nilimwona akigonga gonga goti kwa vidole, polepole, kwa pigo la mchi. Nilimgusa bega. Akaondoa mkono gotini, akatazama dirishani. Na mimi mwenyewe, nikiwa kitandani usiku ule, nilikuwa nikiutafuta ule wimbo kwenye gitaa lisilochomekwa, nikakosa mahali pa kuushika.

Mholanzi alirudi kwao mwaka uliofuata, mkewe alipomaliza kazi. Siku ya kuaga nilimpa shikamoo. Akaitikia "Marahaba" na kunipa mkono, kisha akanitania kwamba leo vidole vyangu viko sawa. Nadhani tuliachana vizuri. Sina hakika.

Albamu yao ya mwisho ilinifikia kwa simu, pamoja na ujumbe mfupi: mpiga dramu hawezi tena, daktari amemkataza, bendi imepiga onyesho la kuaga katika mji wao na imefungwa. Nyimbo zilikuwa tisa. Nilifunga mlango wa chumba cha walimu wakati wa mapumziko, nikavaa spika za masikioni, nikazisikiliza moja moja, nikitafuta mchi. Sikuukuta. Nikatafuta wimbo wetu wa mjini. Sikuukuta. Nikautafuta ule wangu wa kombo, hata kipande. Hakuna. Nikarudia zote tangu mwanzo, nikizipunguza kasi, maana mtu mwerevu anaweza kuuficha wimbo ndani ya wimbo. Hakuna kitu.

Jumapili nikamweleza Mzee, tukifunga nyaya. Sasa tumebaki watano. Nilitegemea afurahi.

"Hata kidogo hajauweka?" aliuliza.

"Hata kidogo."

Akaiweka saksafoni kwenye kasha lake na kulifunga. Alikuwa amekasirika kabisa.

"Kwa nini?" alisema. "Ni mbaya?"