Upande wa Ndani wa Kava ya Bluu

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya rangi nilipewa madgadi moja ya pikipiki, lile bamba la kuzuia matope, na kipande cha msasa, nikaambiwa nisugue mpaka niambiwe basi. Hakuna aliyeniambia basi mpaka saa kumi. Hapo ni Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika banda la mabati ambalo mwenyewe tulimwita Fundi Mkuu, ingawa mafundi tulikuwa watatu tu, naye akiwemo. Nilikuwa nimetoka kuandika mabango ya vinyozi, kwa hiyo nilidhani naijua rangi.

"Hii tangi ni rangi gani?" Fundi Mkuu akaniuliza jioni hiyo.

"Nyekundu."

"Nyekundu ya nini?"

Nikaliinamia tangi tena.

"Kesho uniambie kama ni ya nyanya ama ya matofali. Na usijibu kabla hujaiangalia kwenye jua."

Ninyi vijana wa leo mnanunua plastiki ya pikipiki dukani ikiwa imeshapakwa, mnafunga, mnaenda. Wakati wetu pikipiki Nairobi zilikuwa chache: za matarishi wa kampuni, za mapadri, za maofisa wa mifugo. Kava ya ubavuni, ile inayofunika betri, ikivunjika, mpya iliagizwa na kungojwa miezi. Ikifika ni rangi mbichi ya kiwandani, na tangi limeshachomwa na jua miaka minne. Ukizifunga pamoja, pikipiki inafanana na mtu mwenye jino moja la bandia. Kazi yetu ilikuwa kuizeesha plastiki kwa siku mbili.

Kwanza unaiosha kwa sabuni, mara mbili, kwa sababu plastiki hutoka kiwandani na mafuta yasiyoonekana, na rangi haishiki juu yake. Kisha msasa wa maji. Kama ni ile ya zamani imepasuka, ufa unazibwa kwa kitu tulichokiita uji: vipande vya kava zilizokufa, vimelowekwa kwenye chupa ya asetoni mpaka vikayeyuka. Inafuata praima, rangi ya chini ya kijivu, halafu rangi yenyewe, ikiwa imetiwa dawa ya kulainisha, maana plastiki hucheza na rangi kavu juu yake hupasuka. Rangi ilichanganywa kwa matone. Mimi niliyahesabu mara mbili na kuyaandika kwenye daftari. Unajaribu kwenye kifuniko cha mkebe, unakilaza juu ya tangi, unakiangalia mahali patatu: bandani, kivulini, juani. Ikikubali mahali pawili tu, umeshindwa. Na kabla ya kupuliza unamwaga maji chini, kwa kuwa vumbi jekundu la Kawangware halikuwahi kuheshimu kazi ya mtu.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja isiyojadiliwa, nami ni mtu wa kujadili kila kitu. Kava iliyovunjika kwa ajali, ikishazibwa, haipakwi rangi upande wa ndani. Ufa na uji wake unaachwa uonekane.

"Nje ni ya mwenye pikipiki," alisema. "Ndani ni ya makanika atakayeifungua. Ajue hii kitu ilianguka, aangalie na chuma."

"Si anaweza kuuliza tu?"

"Na akiuliza, mwenyewe atasema?"

Nikarudi kwenye msasa wangu.

Baada ya miaka mitatu hivi nilihamia Kibera, kwenye gereji moja pale Makina. Huko mkubwa wangu alikuwa Mzee wa Gereji, mtu wa msikiti, mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti wala mshahara. Wateja wetu wengi walikuwa matarishi wa kampuni moja ya kusambaza barua mjini, pikipiki zote bluu. Kila Ijumaa asubuhi Ofisa wa Usafiri wa kampuni hiyo alizikagua. Alitembea na kalamu akiangalia rangi. Plastiki yenye bluu tofauti maana yake umeanguka. Ukianguka, pikipiki inapelekwa kwa makanika kupimwa, na wewe, hivyo ndivyo walivyoamini matarishi, unafutwa kazi. Kwa hiyo Alhamisi tulikuwa na foleni.

Jumatano moja asubuhi aliingia Okoth, tarishi mwenye mdomo mrefu kuliko zamu yake, akiisukuma pikipiki.

"Fundi, niaje."

"Poa. Umelala chini wapi?"

"Usiniulize kwa sauti, omera, ndugu yangu."

Kava ya kulia ilikuwa na ufa wa shubiri nzima. Nilihesabu mikwaruzo: kumi na saba. Nikahesabu tena: kumi na saba.

"Inaenda sawa?" nikauliza, kwa mazoea tu.

"Inavuta kidogo kushoto. Kidogo tu."

"Hiyo ni ya makanika. Mimi ni wa rangi."

Akacheka. Kisha akasogea karibu. "Sasa sikiza. Na ndani upake. Siku hizi huyo mzee wa ukaguzi anafungua kava, anachungulia."

"Ndani hatupaki."

"Mama watoto amejifungua juzi, hapo Kambi Muru. Nikifutwa saa hii, nampelekea nini? Hii kava?"

Neno lilikuwa moja, hapana, na nililijua. Badala yake nikasema, "Ndani ina bei yake." Tukabishana. Akanishusha, nikampandisha, tukakutana katikati kama watu wenye akili. Mikwaruzo niliihesabu mara mbili. Foki zinazoshika gurudumu la mbele ni mbili tu, na sikuziangalia hata mara moja.

Kesho yake Mzee wa Gereji alipita akaikuta kava inaning'inia kwenye waya, bluu pande zote.

"Hii imeanguka ama haijaanguka?"

"Haijaanguka, Mzee."

Akaniangalia kidogo, akaenda kutawadha.

Bluu ile ilikubali mahali pote patatu. Ijumaa Okoth alipita akipiga honi kutoka mbali. Siku kumi baadaye, akishuka mteremko na mfuko wa barua mgongoni, foki ilikatika. Nyuma yake kulikuwa na lori. Hospitalini walimkata mguu wa kulia chini ya goti.

Ofisa wa Usafiri alikuja gerejini mwenyewe, kwa miguu, na ile kava ndani ya gazeti. Ilikuwa imepasuka mahali pengine. Uji wangu ulikuwa bado umeshika.

"Hii ni kazi yako?"

"Ni yangu."

Akaigeuza. "Niliifungua kwa mkono wangu Ijumaa ile. Nikaona bluu, nikaweka tiki." Akapitisha kidole ndani. "Ni kazi nzuri."

Hakusema kwa dhihaka. Ingekuwa afadhali.

"Ungemfuta," nikasema.

"Pengine. Angefutwa akiwa na miguu miwili."

Akaiacha juu ya meza yangu. Mzee wa Gereji aliyasikia yote, akarudi kwenye kazi yake.

Nilikwenda Kambi Muru. Okoth alikuwa ameketi mlangoni, mtoto mapajani.

"Mimi ndiye niliomba," akasema kabla sijaketi.

"Wewe uliomba. Mimi nilijua."

Tukanywa chai.

Ulipita zaidi ya mwaka. Kisha akaja gerejini kwa magongo, kifurushi kirefu kwapani. Hospitali ilikuwa imempa mguu wa plastiki, rangi ya chai yenye maziwa mengi.

"Fundi, huu ni mguu wa mtu mwingine. Nifananishie na wangu."

Alikunja suruali, nikaanza. Sijawahi kuona tangi gumu kufananisha kama ngozi ya mtu. Ya mbele ya muundi si ya nyuma, na ya asubuhi si ya mchana. Nilimkalisha bandani, nikamkalisha kivulini, nikamkalisha juani, siku mbili, matone nikiyahesabu mara tatu. Nilimsimulia lile swali la Fundi Mkuu, akawa akiniuliza kama yeye ni wa nyanya ama wa matofali. Nilipomaliza aliweka miguu yote miwili juani, akaiangalia muda mrefu.

"Hukutaja bei," akasema.

"Na wewe hukushusha."

Nikaugeuza mguu, nikaangalia ule upande unaovaliwa kwenye kigutu, bado rangi ya chai. Bomba la kupulizia rangi lilikuwa mkononi mwangu.

"Ndani usipake," akasema Okoth.

Kifua kilinistaafisha kabla ya umri. Thina, ile dawa ya kuzimua rangi, na rangi ya kupuliza hujilipa polepole, nasi siku zile tulijifunga leso puani tukaita hiyo kinga. Daftari la matone ninalo bado, lakini zile rangi haziuzwi tena. Ile kava ya bluu ninayo pia, nimeilaza kifudifudi juu ya kabati, ndani kukiwa juu, na naiona kila nikifungua mlango. Vijana wa hapa wakijua nilikuwa mtu wa rangi huniuliza kazi yangu bora niliiacha kwa nani, wakaione. Siwezi kuwaonyesha. Inatembea Kambi Muru ndani ya suruali ndefu.