Sumu Chini ya Mikeka

Kaka yangu mkubwa akinipigia simu, huwa naiacha ilie kwanza. Nikishapumua mara mbili tatu ndipo napokea. Familia wanasema nina kisirani. Ninacho.

Mbele ya nyumba yangu, hapa mtaani Carama, kuna uwanja wa majani nilioupanda mwenyewe, kipandikizi kimoja kimoja, mwaka niliofiwa na mume. Sijawahi kuutia kitu cha dukani. Magugu nayang'oa kwa kisu cha jikoni nikiwa nimekalia kigoda, na siafu wakija nawamwagia majivu njiani mwao. Mbolea ilitoka kwa jirani, mama mjane, Mwislamu, mkazi wa siku nyingi mjini, aliyefuga sungura kumi na mmoja na kumuuza mmoja kila alipopungukiwa unga. Kila Ijumaa nilimpelekea fungu la majani, naye akanirudishia ndoo ya samadi. Hatukuwahi kukaa kupatana. Lilianza tu, likaendelea miaka.

Kisha binti yangu akaposwa. Kwa kuwa baba yake hayupo, kaka ndiye angekuwa msemaji wetu siku ya mahari, na cheo hicho kilimpanda kichwani. Alhamisi, nikiwa kazini, alikuja kukagua uwanja ambao wageni wangeketi juu ya mikeka. Akaona siafu. Akapiga dawa uwanja mzima, akaenda zake bila kumwambia mtu. Jioni nilisikia harufu kali, nikadhani ni rangi ya geti, maana nalo lilipakwa siku hiyo hiyo.

Ijumaa nikakata majani, nikapeleka fungu. Kwa mikono yangu hii.

Jumamosi, siku yenyewe ya mahari, jirani aliniita asubuhi. Sungura wote walikuwa wamelala ubavu, midomo ina povu, majani yangu bado yamo vizimbani. Aliniuliza taratibu kama nilitia kitu. Niliapa sikutia. Nikampigia kaka palepale.

"Niliweka tu ile dawa ya wadudu wa nyanya," alisema. "We ulitaka wageni walumwe na siafu?"

Nilimweleza habari ya sungura. Akajibu: "Sungura tutanunua zingine. Leo usiambie mutu."

Nilimwambia basi mikeka tuitandike kwingine. Akakataa katakata: wakwe hawaketishwi vumbini, na yeye ndiye mkubwa. Alipofika akaitandika mwenyewe, akinipa mgongo. Nami, mjinga, nikaufyata, kwa sababu nimelelewa kutomjibu mkubwa siku ya watu.

Wageni wakaingia. Watoto wao wakavua viatu kama walivyofundishwa. Mmoja, wa miaka miwili hivi, akapiga magoti pembeni mwa mkeka na kuanza kung'oa majani, mkono ukielekea mdomoni. Nilimnyakua kabla mama yake hajageuka.

"Musikae kwa majani," nikasema mbele ya wote. "Iko na sumu. Imeua sungura za jirani."

Kaka alinitazama kama nimevua nguo. Wageni wakatoka hadi barabarani, akina mama wakiinua imvutano zao, yale mavazi yao ya sherehe, zisiguse vumbi. Hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo jirani akafungua geti lake.

"Waingize kwangu," akaniambia. "Mugeni hasimame mu barabara."

Kaka alitoa hotuba yake huko, kando ya vizimba vitupu, akiisifu familia yetu kwamba inajua kutunza watu. Nilitamani nimng'ate. Hakumshukuru yule mama, hakumwomba radhi, na mpaka leo anasema mimi ndiye niliyemwaibisha. Wanasema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Ndugu yangu alikuwa hatua nne tu kutoka kwa jirani, na neno la pole lilimshinda.

Niling'oa uwanja wote. Nikachimba udongo, nikaupeleka mbali, nikapanda upya, nikaacha masika mawili yapite. Jirani nilimnunulia sungura wawili, jike na dume, akawapokea vizuri. Kisha nikakata fungu la kwanza, nikampelekea. Alinikaribisha chai. Fungu akalisukuma polepole kwangu.

"Apana, mwanangu," alisema. "Najua si we. Lakini mi naogopa majani ya kwako."

Sasa kila asubuhi namwona akipita mbele ya geti langu na mundu, magoti yakimuuma, anakwenda kutafuta majani mbali.