Mawe Juu ya Kaburi la Mke Wangu

Msimamizi, nakuomba unisitirie jina. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mwalimu mstaafu, naishi Mtopanga. Kwetu ni Unguja. Niliondoka kijana na sijapaona tena. Labda ndiyo maana mimi na marehemu mke wangu tulielewana upesi. Yeye aliletwa Mombasa kutoka Adeni akiwa mtoto wa kubebwa. Wazazi wake walikuwa Mayahudi.

Majirani walimjua kuwa Mwarabu, basi. Hakusilimu, nami sikumlazimisha. Dini yangu yaniruhusu kuoa katika watu wa Kitabu. Watoto tuliwalea Kiislamu, na mwanetu Hamisi ni ustadhi mwenye madrasa Port Reitz. Hajui kuwa mamake alikuwa Myahudi. Mamake aliogopa wazazi wa wanafunzi wakisikia watawaondoa watoto wao madrasani. Alipokuwa akiugua aliniambia, "Nizikeni mtakapozikwa nyinyi, sitaki kulala peke yangu. Lakini ukija niwekee jiwe, maua hunyauka. Na mwaka wangu ukifika niwashie mshumaa. Hamisi usimwambie."

Nikafanya hivyo. Kila nikizuru namwombea dua, kisha naweka kijiwe juu ya kaburi, ijulikane kwamba aliyelala pale amejiwa. Nikirudi nanawa mikono kwenye bomba la uani kabla ya kuingia ndani, na siifuti, kama alivyokuwa akifanya yeye kila akitoka kuzuru makaburi.

Mwanzo nilitaniwa tu. Mchimba makaburi alisema, "Mwalimu, wamjengea mkeo ghorofa? Mbona hukuniita nikuchanganyie simiti?" Tukacheka. Lakini mwaka jana, siku ya kumbukumbu yake, jirani aliingia kuomba chumvi akaukuta mshumaa ukiwaka mchana kweupe, kwani huwashwa jua likizama ukaachwa hadi lizame tena. Hakuuliza kitu. Kufikia jioni mtaa ulikuwa ukisema nafuga majini, na mawe yale ni ya kumfunga marehemu. Nyinyi wa pwani mwajua mzee akishaitwa mchawi humfika nini.

Hamisi alikuja mbio. "Baba, mambo haya wayatoa wapi?"

"Ni kumkumbuka tu, mwanangu."

"Kumkumbuka ni dua na sadaka. Huu ni ushirikina, wallahi! Mama angekuwa hai angekulilia."

Akaenda akayazoa mawe yote akayatupa, akasema nikirudia atanihamishia kwake. Mtu aliyekwisha kung'olewa kwao mara moja hataki kung'olewa tena uzeeni.

Tangu siku ile, adhana ya magharibi ikimalizika, nasikia maji yakitiririka bombani. Nikitoka, bomba limefungwa na sakafu ni kavu. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote, wala siamini mizimu. Hata hivyo husimama pale mlangoni nikaitazama sakafu ile mpaka giza liingie.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kaburini mikono mitupu, kama alivyotaka mwanangu. Nikakuta jiwe. Moja, jeupe, limewekwa upande wa kichwa. Silo langu.

Nikamuuliza mchimba makaburi, "Nani amekuja hapa?"

"Ustadhi wako. Alikaa kitako, akalia kama mtoto."

"Na jiwe hili?"

"Ah, Mwalimu, mimi nilikuwa shimoni. Mawe ni mambo yenu."

Wiki ijayo mwaka wake unatimia tena. Hamisi ameandaa hitima kwake, na ameniletea ujumbe: "Baba, uje na chochote utakachohitaji." Huenda akusudia dawa zangu za presha. Huenda ajua, na angoja mimi nianze. Na kama hajui, nitakuwa nimevunja ahadi niliyompa mamake na kumtia mwanangu msiba wa pili.

Nyinyi mliowahi kuwaficha watoto wenu jambo kama hili, nipeni rai. Niende na tasbihi yangu peke yake, au nitie na mshumaa mfukoni, niuwashe mbele yake na kumwambia mamake alikuwa nani?